Mgeni wa mnanaha na mwanawe

Mwaka wa kwanza niliua viwavi 11. Niliwabandua mmoja mmoja majanini, wanono kama kidole cha kati, nikawatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni, nikalala nikijua nimeuokoa mmea wangu. Ulikuwa mnanaha, umejiotea kwenye changarawe nyuma ya nyumba tuliyopanga nje kidogo ya Tucson, kusini mwa Arizona, katika jangwa la Sonora. Hakuna aliyeupanda wala kuumwagilia. Mwezi Juni, wakati kila kitu kimekauka hadi kinavunjika ukikigusa, wenyewe ulisimama kijani, majani mapana, na kila jioni ukafungua maua meupe marefu kama tarumbeta. Niliupenda kama mtu anavyompenda jirani wa kwanza kumkaribisha ugenini. Kwa hiyo nilipoamka asubuhi moja ya Agosti nikakuta nusu ya majani imebaki mishipa mitupu, sikuuliza ni nani wala kwa nini. Nilichukua ndoo.

Ndoo ile hainitoki akilini. Nilikuwa nikiwazamisha watoto wa mgeni yule yule ambaye mmea wangu ulikuwa ukimfungulia mlango kila magharibi.

Nianze na ua. Mnanaha wa huko kitaalamu ni Datura wrightii, ndugu wa karibu wa minanaha mingine mnayoijua, na kama hao ndugu zake una sumu kila mahali, majani, mbegu na mizizi: atropini, skopolamini na nyingine za jamii hiyo. Tumba lake limejisokota kama mwavuli uliofungwa. Jua likizama, ukikaa karibu ukawa na subira, utaona mkunjo mmoja ukitetemeka, unalegea, halafu wa pili, na ndani ya dakika chache tarumbeta nzima imekunjuka, mdomo wake mpana kuliko kiganja changu. Ndipo harufu inapotoka, tamu na nzito, inakaa chini chini hewani. Ua moja huishi usiku mmoja. Kesho yake saa nne asubuhi, joto likishapanda, limenywea kama karatasi iliyolowa.

Giza likishaingia vizuri, mgeni anakuja. Unamsikia kabla hujamwona, mvumo wa mabawa unaopita karibu na sikio ukadhani ni ndege. Huyu ni Manduca sexta, nondo wa kijivu, rangi ya gome la mti. Mabawa yakitandazwa hufika sentimita 10 na zaidi, na ubavuni mwa tumbo ana madoa sita ya njano kila upande. Hiyo sita ndiyo iliyomo kwenye jina lake. Hatui. Anaelea hewani mbele ya ua, anakunjua mrija mrefu kuliko mwili wake, anautanguliza, kisha anajitosa mwenyewe, kichwa na mabega, mpaka unaona ncha ya tumbo tu ikitikisika. Akitoka, uso umejaa chavua. Anahamia ua la pili, la tatu, halafu anavuka ukuta kuelekea korongo kavu ambako kuna minanaha mingine, na ile chavua anaenda nayo.

Anajuaje gizani ni ua lipi lina mbochi, yale maji matamu ya ndani ya ua? Harufu ni sehemu ya jibu. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walionyesha kwamba ua la mnanaha, pale linapofunguka, hutoa kaboni dioksidi kwa wingi, na nondo huyu ana viungo karibu na mdomo vya kuihisi. Nondo mwingine wa majangwa hayo hayo, Hyles lineata, anatambua hata unyevu kidogo unaopanda juu ya ua lenye mbochi mpya. Jambo hilo lilichapishwa mwaka 2012, na nilipolisoma nilitoka nje nikasimama kwenye hewa ile inayokausha midomo kwa nusu saa. Katika nchi kavu namna ile, ua linajitangaza kwa pumzi yake na kwa mvuke wake.

Haya yote niliyaona mwaka wa kwanza, au nusu yake, na sikuunganisha chochote. Mwaka wa pili nilikaa nje na tochi niliyoiziba kwa karatasi nyekundu. Nikamwona jike akimaliza kunywa. Badala ya kuondoka, alizunguka mmea, akakaribia jani moja, akakunja tumbo, akagusa upande wa chini wa jani kwa muda wa kupepesa jicho, akaenda zake. Niligeuza jani. Yai moja la kijani hafifu, duara, kama punje ya ulezi.

Nilikaa chini kwenye changarawe. Nilihesabu tena wale 11.

Tangu usiku huo binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, akawa mlinzi wa mnanaha. Nilimwekea masharti: huugusi kwa mkono mtupu, huupeleki karibu na mdomo, na ukitoka hapo unanawa mpaka kwenye viwiko. Alitimiza yote. Yai lilianguliwa baada ya siku tatu nne, kikatoka kitu chembamba kama uzi, na juu yake kijimwiba cheusi kirefu karibu nusu ya mwili.

“Mama, ana pembe!”

“Kichwani?”

“Nyuma. Lakini ni pembe.”

Tukakubaliana ni pembe. Kiwavi wa Manduca sexta akikua anakuwa wa kijani kabisa, ana mistari saba myeupe ya mshazari kila ubavu, na ile pembe inakuwa nyekundu. Kumwona ni kazi ngumu kuliko unavyodhani kwa mnyama mkubwa hivyo. Mwanangu ndiye aliyegundua njia: usimtafute kiwavi, tafuta kinyesi. Chini ya mmea kuna vidonge vyeusi vyenye mifuo, vya ukubwa wa pilipili manga, na ukiinua macho moja kwa moja kutoka hapo, yupo, amekumbatia ukingo wa jani na kulikata kwa nusu duara zinazofuatana, kichwa kikishuka na kupanda bila kupumzika. Ukitulia unasikia mtafuno. Anaanza na uzito wa kama miligramu moja, na chini ya wiki tatu ameuzidisha mara 10,000. Manduca kwa Kilatini ni mlafi, na aliyempa jina alikuwa amekaa naye.

Mmea uliliwa. Sitaki kupunguza neno. Kufikia katikati ya Agosti ulikuwa mabua na vifuko vya mbegu vyenye miiba, na mimi nilikuwa nimejizuia kila asubuhi nisirudi kwenye ndoo. Halafu mvua ikanyesha, zile mvua za radi za majira ya joto zinazonyesha Julai hadi Septemba, na ndani ya kama wiki mbili mabua yakatoa majani mapya kila kifundo. Chini ya changarawe ile mnanaha una mzizi mnene kama muhogo, umejaa akiba. Yale majani niliyokuwa nikiyalilia ni matumizi ya kila siku. Mtaji uko ardhini, kiwavi haufikii.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeusikia msemo huu maisha yangu yote kwenye karamu na hotuba, na sikuwahi kuuona ukitendeka waziwazi kama pale. Judith Bronstein wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walilipima jambo hili. Ua la mnanaha linaweza kujichavusha lenyewe, lakini yale yaliyotembelewa na nondo yalitoa mbegu nyingi zaidi. Mmea unalipa kwa majani, unapokea mbegu, na hesabu inakubali.

Hata hivyo sipendi watu wanapouita urafiki. Jike yule hana ahadi na mnanaha. Katika maeneo hayo hayo anakunywa pia kwenye maua ya mkonge wa porini, ambayo yamekaa kumngoja popo, na mayai yake anaweza kuyataga kwenye mmea mwingine kabisa, Proboscidea parviflora, ambao matunda yake yakikauka yanakuwa na makucha mawili marefu meusi. Watohono O'odham, wenyeji wa jangwa hilo, husuka nyuzi za makucha hayo kwenye vikapu vyao. Uchaguzi huo wa mmea wa pili ulinishangaza mpaka nikaelewa. Kuna nzi ambaye hutaga kwenye kiwavi, na mabuu yake humla kiwavi kutoka ndani. Watafiti waliwalinganisha viwavi wa mimea hiyo miwili wakakuta kwamba kwenye mnanaha wanakua vizuri zaidi lakini maadui wanawapata zaidi; kwenye makucha chakula ni duni, ila kuna usalama. Kila yai ni uamuzi wa mama kati ya shibe na salama, naye anauamua gizani, akielea hewani.

Kutoka hapo nilibadili namna ya kutafuta. Zamani nilifanya wanavyofanya wengi: unatundika shuka jeupe, unaweka taa nyuma yake, unangoja nondo waje. Wanakuja, kweli. Lakini nondo kwenye shuka ni kama msafiri kituoni, hujui ametoka wapi wala anakwenda kwa nani. Siku hizi naanza na mmea. Najifunza unachanua lini, saa ngapi, mbegu zake zinakaaje, na kama kuna jani lililoliwa, nageuza jani. Lugha yetu imemdhulumu nondo kidogo. Tunamkumbuka kabatini na nguo zetu, tunamtaja pamoja na kutu. Jangwani anatajwa pamoja na mmea wake, au hatajwi vizuri.

Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata tulisafiri kaskazini magharibi hadi jangwa la Mojave kuona miti ya Joshua. Ni yuka wakubwa wenye matawi yaliyopinda na majani kama majambia, na bila nondo wadogo wa jenasi Tegeticula hawazai mbegu hata moja. Nondo hawa wana urefu wa kama sentimita moja tu. Habari za jamii yao zilielezwa mwaka 1872 na mtaalamu wa wadudu Charles Valentine Riley huko Missouri, baada ya mtaalamu wa mimea George Engelmann kuona kwamba yuka haizai bila msaada wa wadudu. Jike hachafuki chavua kwa bahati mbaya kama nondo wa mnanaha. Ana viungo maalumu mdomoni, kama vidole viwili, anakusanya chavua, anaifinyanga tonge, anaibeba chini ya kidevu. Akifika ua lingine anatoboa ovari na kutaga, kisha anapanda juu, anachukua sehemu ya lile tonge, anaisukumiza mahali pake hasa. Amepanda shamba la wanawe. Viwavi watakula baadhi ya mbegu, nyingine zitabaki kuwa miti. Na kwa spishi kadhaa za yuka imeonekana kwamba ua lililotagwa mayai mengi mno huangushwa na mmea, pamoja na vyote vilivyomo.

Miti ya Joshua ipo ya aina mbili, Yucca brevifolia upande wa magharibi na Yucca jaegeriana upande wa mashariki, na kila mmoja una nondo wake: Tegeticula synthetica kwa wa kwanza, Tegeticula antithetica kwa wa pili. Sehemu ya ua ambayo nondo lazima aipenye kutaga ni ndefu zaidi kwa ule wa magharibi, na nondo wake ni mkubwa zaidi. Miti hii miwili inakutana bonde la Tikaboo, Nevada. Hatukufika huko. Tuliona ya magharibi, na maua yalikuwa machache, kwa sababu mti wa Joshua hauchanui kila mwaka. Binti yangu aliuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mimi.

“Sasa mwaka ambao hakuna maua, nondo wanafanyaje?”

Wanangoja. Kiwavi akimaliza kula mbegu anajishusha ardhini, anajifungia ndani ya kifuko cha hariri na udongo, na anaweza kupitisha zaidi ya mwaka mmoja humo. Kuna ndugu wa nondo hawa, Prodoxus y-inversus, anayeishi ndani ya tunda la yuka bila kuchavusha kitu. Viwavi wake waliokusanywa Nevada mwaka 1969 walihifadhiwa na Jerry Powell wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Baadhi walitoka kuwa nondo kamili baada ya miaka 20, wengine 25, na wa mwisho baada ya miaka 30. Niliposoma hiyo namba nilidhani nimesoma vibaya. Kiwavi mdogo kama punje ya mchele alilala wakati mimi sijazaliwa, akaamka wakati nimeshakuwa mtu mzima, na alikuwa bado na nguvu ya kufungua mabawa.

Wapo wengine wa aina hii ya mapatano, nami nawapitia haraka kwa kuwa sijawaona kwa karibu. Kuna nondo Upiga virescens na kakti iitwayo senita, ambayo maua yake hufunguka usiku na kujifunga asubuhi. Jike huchavusha kwa makusudi na kutaga yai kwenye ua, na ushirika huu ulikuja kujulikana kwa wanasayansi mwaka 1998 tu. Kuna Cydia saltitans wa jimbo la Sonora huko Mexico, kiwavi anayeishi ndani ya kidonge cha tunda na kukirusharusha joto linapozidi, mpaka akipate kivuli. Watu huziuza kama mbegu zinazocheza, na wengi wanaozinunua hawajui kuna mtu ndani. Na Hyles lineata niliyemtaja, ambaye mvua zikiwa nzuri viwavi wake huvuka barabara kwa maelfu wakifuata maua ya msimu. Watohono O'odham waliwavuna na kuwala.

Kuna mmoja ambaye nikimfikiria ndipo naelewa uzito wa haya mapatano. Cactoblastis cactorum ni nondo wa Amerika Kusini asiye na sura ya kuvutia, na chakula cha viwavi wake ni mpungate. Jike anabandika mayai yake moja juu ya lingine, 70 au 80, yakawa kijiti kilichopinda ambacho ukikiona unadhani ni mwiba wa mpungate wenyewe. Viwavi, wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi, wanaingia pamoja ndani ya bapa moja na kulila hadi libaki ngozi. Hachavushi. Anakula tu. Huko kwao ana maadui wa kumpunguza, na mipungate ya huko imemzoea.

Australia ilikuwa imeingiza mpungate kutoka mabara ya Amerika, ukatapakaa mpaka ukafunika zaidi ya hekta milioni 24, wakulima wakahama. Mwaka 1925 walipeleka mayai yasiyofika 3,000 kutoka Argentina. Ndani ya miaka kama saba au minane sehemu kubwa ya msitu ule wa miiba ilikuwa imeoza. Huko Boonarga, Queensland, wananchi walijenga ukumbi wa kijiji na kuupa jina la nondo huyu, ukafunguliwa mwaka 1936. Ninaiamini furaha yao. Lakini nondo huyo huyo alipelekwa kisiwa cha Nevis huko Karibi mwaka 1957, akahama visiwa, na mwaka 1989 akaonekana Florida. Mwaka 2006 alifika Isla Mujeres, Mexico, wakamwahi, wakamfuta. Mexico na kusini magharibi mwa Marekani ndiko kwenye mipungate ya kila namna, mimea ambayo nyuki, kobe wa jangwani na watu wanaitegemea, na ambayo haijamzoea. Njaa yake si mbaya kuliko ya kiwavi wangu wa mnanaha. Tofauti ni kwamba hawa hawajawahi kuhesabiana.

Wa kwangu walipokaribia mwisho wa kula, binti yangu aliniita nione mstari mweusi uliojitokeza mgongoni mwa mmoja, kutoka kichwani hadi kwenye pembe. Ulikuwa unapiga. Ni mshipa mkuu, moyo wake, ambao huonekana kupitia ngozi siku anapoacha chakula na kuanza kuzurura akitafuta pa kujichimbia. Tuliwaweka watano kwenye ndoo ya udongo mkavu. Ndoo ni ile ile. Niliisugua mara nyingi kwanza. Kila mmoja alizungusha kichwa juu ya udongo, akazama, na jioni hapakuwa na kitu cha kutazama.

Baada ya wiki chache tuliufukua udongo kwa kijiko. Bundo, ile hali ya katikati, si kiwavi tena na si nondo bado, ni wa kahawia anayeng'aa, mgumu, mrefu kama kidole, na mbele amechomoza mpini uliopinda kama wa birika. Ndani ya mpini huo ndimo unamotengenezwa ule mrija wa kufikia chini kabisa ya ua. Tuliwafukia tena. Ndoo ilikaa varandani majira ya baridi yote, ikakaa Mei, ikakaa Juni.

Julai mvua ya kwanza ilipiga usiku. Siku ya tisa udongo ulipasuka, akatoka wa kwanza, mabawa yamekunjamana, akapanda ukingo wa ndoo akaning'inia mpaka yakanyooka. Ndani ya wiki hiyo walitoka wanne. Mnanaha ulikuwa na matumba 14 jioni ile wa mwisho aliporuka.

Wa tano hakutoka. Tulimfukua tukidhani amekufa, lakini ni mzito bado, na ukimgusa kwa unyoya anapinda tumbo upande mmoja, polepole, kisha anatulia. Tumemrudisha udongoni. Binti yangu ameandika tarehe kwenye ndoo kwa kalamu isiyofutika, na ameacha nafasi kubwa chini yake.